Mtura wa Kwa Mrombo: jinsi ya kuupika na kumpa mtoto kwa usalama

Baba ametoka Kwa Mrombo usiku na kifurushi mkononi. Ndani kuna nyama choma, ndizi na kipande cha mtura. Watoto wamelala, kwa hiyo kifurushi kinawekwa mezani na kufunikwa sahani. Asubuhi mtura unapashwa kidogo na watoto wanakula pamoja na chai.

Kama mlezi, huenda umewahi kufanya hivyo na hakuna aliyeumwa. Lakini mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito huumia haraka zaidi kwa chakula kilichoharibika. Makala hii inakueleza namna ya kununua, kupika na kugawa mtura ili familia ipate faida yake bila madhara.

Mtura ni nini, na una faida gani?

Mtura ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliosafishwa na kujazwa damu, nyama iliyokatwakatwa, vitunguu, tangawizi na viungo vingine. Kwanza huchemshwa, kisha huchomwa kwenye mkaa. Majirani zetu wa Kenya huupenda pia, nao huuita mutura.

Damu na nyama vina madini chuma ya aina ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Madini haya ndiyo yanayosaidia kutengeneza damu. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16, watoto 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo mtura si chakula cha kudharau. Hata hivyo, hauchukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki ukiwa mjamzito. Endelea kuvimeza.

Kama dini au mila yako hairuhusu kula damu, hujakosa kitu. Nyama, maini kidogo, dagaa, maharage na mchicha vina madini chuma pia.

Kabla ya kununua

Uliza nyama imetoka wapi. Nunua mahali penye bucha ambalo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Usinunue wala kukubali zawadi ya nyama au damu ya mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa akiwa mgonjwa. Ugonjwa wa kimeta upo katika mikoa yetu ya kaskazini, na vijidudu vyake vinaweza kustahimili moto wa jikoni. Hapa kinga ni kutokula kabisa nyama ya namna hiyo.

Angalia pia ubao wa kukatia. Kama nyama mbichi na mtura ulioiva vinakatwa kwa kisu kimoja, vijidudu vya nyama mbichi vinahamia kwenye chakula kilicho tayari. Omba mtura wako ufungwe mzima, ukaukate mwenyewe nyumbani.

Jinsi ya kuupika

Kama umenunua mtura mbichi, uweke kwenye maji yanayochemka kwa moto wa wastani. Moto mkali huupasua. Baada ya dakika chache, utoboe sehemu kadhaa kwa kijiti chembamba ili mvuke utoke. Uache uchemke dakika 40 hadi saa moja, kulingana na unene wake. Ukipenda, umalizie kwenye mkaa dakika 10 hivi, ukiugeuza. Jiko la mkaa liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha.

Kama mtura uliiva tayari ila umepoa, ukate vipande vyembamba, uweke kwenye sufuria na maji kidogo, funika, uchemke dakika 10. Kuupitisha juu ya moto hadi ngozi ichemke hakutoshi, kwa sababu katikati hubaki na ubaridi.

Utajuaje umeiva? Usitegemee rangi. Damu ikiiva huwa nyeusi, na ngozi ya nje huungua mapema wakati ndani bado. Kata kipande kinene zaidi katikati. Kiwe kigumu, kitoe mvuke, na kisitoke damu ya majimaji. Kama una kipimajoto cha chakula, katikati kuzidi nyuzi joto 70.

Uliobaki ufanyweje?

Mtura usikae mezani zaidi ya saa 2. Kama una friji, uweke humo mapema na uumalize kesho yake. Kama huna friji, nunua unaotosha mlo mmoja.

Uliolala mezani usiku kucha utupe, hata kama hauna harufu mbaya. Baadhi ya bakteria huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kuupasha asubuhi hakuurekebishi. Inauma kutupa chakula cha pesa, lakini kumuuguza mtoto kunagharimu zaidi.

Jinsi ya kumpa mtoto

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimpe mtura, kwa sababu una chumvi na pilipili. Kuanzia miezi 6 anaweza kula nyama laini iliyopondwa vizuri, isiyo na viungo vikali.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mpe kidogo. Menya ngozi ya nje kwa kuwa ni ngumu kutafuna. Usimpe kipande cha duara. Kinaweza kuziba koo. Kipasue kwa urefu, kisha kikate vipande vidogo sana au ukiponde kwenye ugali, ndizi au wali. Akae ameketi, na wewe uwe karibu naye.

Mpe pamoja na chungwa, papai au kachumbari iliyooshwa kwa maji safi, iliyokatwa kwa kisu na ubao tofauti. Matunda na nyanya husaidia mwili kupokea madini chuma, hasa yale ya maharage na mboga. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo iache ipite saa moja au mbili baada ya mlo.

Mtoto akiumwa baada ya kula

Akiharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo na mara kwa mara, na endelea kumnyonyesha. Uliza kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki.

Mpeleke kituo cha afya mara moja kama:
- anaharisha damu;
- anatapika kila kitu;
- macho yameingia ndani, au hajakojoa kwa muda mrefu;
- ana homa kali, amelegea au ni vigumu kumwamsha.

Kuharisha damu kusisubiri kesho. Kuna bakteria wanaoishi matumboni mwa ng'ombe na mbuzi ambao wanaweza kuharibu figo za mtoto mdogo. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara wala antibayotiki zilizobaki nyumbani. Mweleze mhudumu alikula nini na lini.

Na usiku mwingine kifurushi kitakapofika, usikiache mezani. Kama kimenunuliwa muda si mrefu na friji ipo, kiweke humo. Kama haipo, wakubwa wale wakati bado ni cha moto. Watoto watapata chao siku mtakapokula pamoja.