Je, Hesabu za Zamani ni za Kweli?



Tarehe 18 Machi 1925 tonado, yaani kisulisuli kikali kinachoshuka kutoka mawinguni, ilipita majimbo matatu ya Marekani: Missouri, Illinois na Indiana. Watu 695 walikufa. Vitabu viliandika kwamba ilikwenda kilomita 352 bila kukatika. Je, ni kweli?

Wataalamu walichunguza upya, wakatoa majibu mwaka wa 2013. Walifanyaje?

1. Walisoma magazeti ya siku zile, wakalinganisha habari za mji huu na ule.
2. Waliwauliza wazee walionusurika.
3. Walitia mahali palipoharibiwa kwenye ramani.

Basi wakaona kuna sehemu zisizo na alama ya uharibifu. Hapo huenda tonado moja iliisha, nyingine ikaanza. Safari inayoelekea kuwa ya tonado moja ni kama kilomita 280. Si kwamba watu walidanganya. Mwaka 1925 rada haikuwako, na kila mtu aliona kipande chake tu.

Na sisi je? Mafuriko yakija, tukiandika "mbuzi wengi walikufa", msaada utagawanywaje? Katibu aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, jina la mwenye mali, idadi, na nani alishuhudia. Boma moja lisihesabiwe mara mbili. Kisha asome mbele ya wote. Kosa likionekana, msifute. Pigeni mstari, mwandike sahihi kando. Mali bila daftari huisha bila habari.