Jengo linalofundisha sayansi kwa paa na kuta zake

WENGI wakisikia habari za jengo linalobana matumizi ya umeme, hufikiria kwanza mitambo ya umeme wa jua. Taasisi ya Sayansi ya California, iliyoko San Francisco nchini Marekani, inaonyesha kwamba akiba kubwa huanzia kwingine: katika ramani ya msanifu na vifaa vya ujenzi.

Majengo yake ya zamani yaliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1989. Jengo jipya, lililobuniwa na msanifu wa Italia, Renzo Piano, lilifunguliwa Septemba 2008. Ndani yake mna makumbusho, ukumbi wa kutazamia nyota, matangi ya samaki na msitu mdogo wa mvua.

Paa lake limefunikwa kwa udongo wa kina cha sentimita 15 na mimea ipatayo milioni 1.7. Mimea hiyo ilipandwa katika trei 50,000 zilizotengenezwa kwa makumbi ya nazi, ambazo huoza taratibu huku mizizi ikishikana. Udongo huo huzuia joto la jua kupenya ndani na kunyonya maji ya mvua.

Paa hilo lina vilima vyenye madirisha yanayojifungua na kujifunga yenyewe. Hewa ya moto hupanda na kutoka humo, na hewa baridi huingia kutoka chini. Aidha, asilimia 90 ya sehemu zinazotumiwa na watu hupata mwanga wa jua.

Ndani ya kuta kumejazwa mabaki ya vitambaa vya jinzi, yanayozuia joto na kelele. Katika zege, sehemu ya saruji ilibadilishwa na majivu ya makaa ya mawe, kwa kuwa uzalishaji wa saruji hutoa hewa nyingi ya ukaa.

Vipande 60,000 vya kunasa mwanga wa jua vilivyozunguka paa hutoa takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika. Lakini jengo zima lilibuniwa litumie nishati pungufu kwa asilimia 30 kuliko kiwango kilichoruhusiwa na sheria za ujenzi.

San Francisco ni mji wa baridi na ukungu, hivyo si kila kitu kinafaa kuigwa Dar es Salaam au Mombasa. Hata hivyo, kanuni ni ileile: kivuli, njia ya hewa na paa lisilopitisha joto huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa. Anayeyasahau wakati wa kuchora ramani atayalipia kila mwezi kwa kiyoyozi.