Je, Wajua? Kima wa Jozani Hula Mkaa

Je, wajua kwamba kima punju wa Unguja hula mkaa, tena kwa faida yake? Pembezoni mwa msitu wa Jozani, kima hawa huingia mashambani kutafuta majani machanga ya miembe na mikungu, miti iliyoletwa kisiwani na binadamu. Majani hayo yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali za jamii ya finoli, ambazo huzuia chakula kusagika vizuri na zikizidi huwa sumu. Mkaa huzinasa kemikali hizo na kuiacha protini ipite. Basi kima huokota vipande kwenye matanuri ya wachoma mkaa na kwenye visiki vilivyoungua, na watoto wao hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Wanafunzi wengi wanaopelekwa Jozani kwa safari ya mafunzo humwona kima, wakapiga picha, wakala chakula chao na kupanda basi kurudi mjini, mwendo wa kilomita 35 hivi. Inasikitisha, kwa sababu mahali pale ni darasa zima la ikolojia, na kima ni ukurasa wa kwanza tu.

Je, wajua kwamba ndizi mbivu si zawadi kwa kima punju? Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na ndani yake bakteria huchachusha majani kama ilivyo kwa ng'ombe. Matunda mabivu yenye sukari nyingi huvuruga kazi hiyo. Yeye hula majani machanga, maua na matunda mabichi. Anayemrushia ndizi kwa huruma anamdhuru.

Na mnazi je? Hapa ndipo pana kisa kinachostahili kujadiliwa darasani. Kwa miaka mingi wakulima wa vijiji vya jirani waliwalaumu kima kwa kula vidaka, wakiamini kwamba kila kidaka kilicholiwa ni nazi iliyopotea. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Waliona kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua. Yalielekea kuwa makubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi hauwezi kukuza vidaka vyote unavyozaa, na vingi hupukutika vyenyewe. Kima akivipunguza mapema, vinavyobaki hupata nafasi ya kufika dafu, kisha koroma, hata nazi. Hata hivyo, mkulima anayeshinda na kundi la kima shambani mwake anabeba mzigo ambao mgeni wa siku moja hauoni. Kwa hiyo ni haki kabisa kwamba sehemu ya mapato ya watalii imekuwa ikigawiwa wakulima na vijiji vinavyozunguka hifadhi.

Paa nunga ni mgumu zaidi kuonekana. Mnyama huyu mdogo, mwenye haya nyingi, anajulikana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya, kama vile Arabuko-Sokoke, basi. Hupita chini ya miti wanamolia kima na kuokota majani, maua na matunda yanayodondoka. Mabaki ya mezani juu ni chakula cha walio chini, na ukikata mti mmoja umewanyima wote wawili.

Je, wajua kwamba Unguja iliwahi kuungana na bara? Bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu kwisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, wanyama waliokuwa upande huu walitengwa. Hiyo ndiyo sababu kima punju hapatikani porini popote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar. Hata wachache walioko Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970.

Msitu wenyewe uko bondeni, na maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa udongo. Masika yakikolea, sehemu zake hujaa maji, na mitondoo na michikichi husimama ndani ya dimbwi. Ukitembea kidogo kuelekea Pete unaingia kwenye mikoko, ambako kuna njia ya mbao juu ya tope. Hapo mwanafunzi aangalie jani la mchu kwa karibu: ataona chembe za chumvi ambazo mti umezitoa. Aangalie pia mbegu za mkoko, ambazo huota zikiwa bado mtini. Kima nao huja kula majani ya huku. Wale wa kisiwa cha Uzi, wanaoishi mikokoni, wameonekana wakinywa maji mara kwa mara, jambo ambalo wenzao wa msituni hulifanya kwa nadra.

Barabara kuu ya kusini inapita katikati ya Jozani. Ilipowekwa lami, magari yaliongeza kasi na kima wengi waligongwa. Matuta yalipojengwa vifo vilipungua, ingawa havikwisha. Mwaka 2004 eneo hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, la kwanza la aina hiyo Zanzibar. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kuna kima zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya waliodhaniwa, lakini bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na wengi wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi.

Mwalimu unayepanga safari, omba mtembeza wageni awapitishe wanafunzi wako msituni, mashambani na mikokoni, hata kama basi litachelewa kurudi. Na mwenye mafua asiwasogelee kima, kwa kuwa maradhi yetu huwaambukiza.