Mtunzi wa wimbo wa taifa aliyelipwa Sh2,000

JUBA: Jina la Hai Jalaba, mtaa wa jijini Juba, limebeba biashara ndani yake. ‘Hai’ kwa Kiarabu ni mtaa, na ‘jalaba’ ndivyo walivyoitwa wachuuzi waliotoka kaskazini mwa Sudan. Leo mizigo mingi ya Juba hutoka kusini: malori huvuka Elegu upande wa Uganda, hupita Nimule, kisha hushika lami ya kilomita 192 hadi jijini.

Ipo bidhaa nyingine ya Uganda inayovuka mpaka huo bila kupandishwa kwenye mizani: muziki. Kwa anayeuuza na anayeununua, maisha ya George William Kakoma yana funzo.

Kakoma, aliyezaliwa 1923, alikuwa mwalimu wa muziki aliyesomea London. Uganda ilipokaribia uhuru, watunzi walialikwa kuwasilisha nyimbo, na wa kwake ndio uliochaguliwa. Ulipigwa Oktoba 9, 1962, na hadi leo unahesabika miongoni mwa nyimbo za taifa fupi zaidi duniani.

Malipo yake, kama alivyosimulia uzeeni, yalikuwa Sh2,000 za shukrani.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, Kakoma aliipeleka serikali mahakamani akidai mrabaha. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya hakimiliki mwaka 2006. Ubishi ulikuwa mmoja: mwenye wimbo ni nani, aliyeutunga au taifa linaouimba? Alifariki Aprili 2012 akiwa bado hajalipwa alichodai.

Sudan Kusini ilipita njia nyingine kidogo. Wimbo wake wa taifa, ulioimbwa siku ya uhuru Julai 9, 2011, ulitungwa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba, nao pia ulipatikana kwa mashindano. Miaka mitano baadaye nchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo soko lake la pamoja halihusu magunia na katoni tu, bali pia huduma na kazi za watu.

Mfanyabiashara wa Hai Jalaba hashushi mzigo kabla bei haijakubaliwa na jina la mwenye mali halijaandikwa. Mtunzi naye anastahili utaratibu huohuo. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.