Manowari Iliyozama Ikiwa Imetia Nanga

Kutoka Kobero, katika komine ya Butihinda, hadi bandari ya Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Malori hupanda kutoka pwani yakiwa na shehena, yakavuka mpaka hapo Kobero na kuendelea kuelekea Muyinga na Gitega. Wakazi wa vilima hivyo hawana bahari. Maji makubwa yaliyo katika nchi yao ni Ziwa Tanganyika, nayo yako upande wa pili. Hata hivyo, neno manowari halimshangazi msemaji yeyote wa Kiswahili. Ni neno lililozaliwa bandarini, kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtu wa vita, na mabaharia wa pwani wakalifinyanga mpaka likawa lao.

Wala si neno tu lililofika huko bara. Kabla ya askari wa Kijerumani kuonekana Burundi, kabla Mwami Mwezi Gisabo hajalazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903, hatima ya nchi zote zilizokuwa kati ya pwani na maziwa makuu ilikwisha kuguswa na mizinga ya meli zilizotia nanga mbele ya jumba la Sultani wa Unguja. Sultani huyo naye alikuwa na manowari yake. Jina lake lilikuwa Glasgow.

Hadithi ya meli hiyo inaanza na tufani. Mwezi Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa minazi na mikarafuu kwa maelfu, na kuziangamiza karibu meli zote zilizokuwa bandarini. Seyyid Barghash bin Said, aliyekuwa amekalia kiti cha usultani tangu 1870, alijikuta hana merikebu za maana. Mwaka uliofuata Waingereza wakamshurutisha, kwa tishio la kuizingira Unguja kwa meli, atie sahihi mkataba wa Juni 1873 wa kulifunga soko la watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Mwaka huo huo iliingia bandarini manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, na Sultani alipendezwa mno na umbo lake. Mtu aweza kumwelewa. Aliyetishwa kwa meli hutamani kuwa na meli.

Lakini ni meli ya namna gani aliyoipenda? Hapa hapana budi kueleza jinsi manowari za karne ya 19 zilivyogeuka kwa haraka, kwani ndipo kilipo kiini cha mkasa wote.

Kwa mamia ya miaka meli za vita zilikuwa za mbao. Risasi za mizinga ya zamani, zilizokuwa matonge ya chuma kitupu, ziliweza kutoboa ubavu wa meli, lakini seremala hodari aliziba tundu na vita vikaendelea. Yalipokuja makombora yenye baruti ndani, yanayopasuka yakisha kuingia, mbao zikawa kuni. Wafaransa ndio waliotangulia kujibu: mwaka 1859 walishusha majini La Gloire, meli ya mbao iliyovikwa mabamba ya chuma. Waingereza wakafuata tarehe 29 Desemba 1860 kwa kuishusha Warrior, ambayo hata mbavu na mwili wake vilikuwa vya chuma. Ubavuni, mahali penye mizinga, Warrior ilikuwa na deraya ya chuma yenye unene wa sentimita 11 na nusu, yaani zaidi ya upana wa kiganja cha mkono wa mtu mzima. Na nyuma ya chuma hicho palikuwa na mbao za msaji zenye unene wa dhiraa moja, ili kupokea kishindo. Msaji ulifanya kazi ya godoro. Bila mbao hizo, bamba lingeweza kupasuka au misumari yake kuruka ndani na kuwaua wapiga mizinga wenyewe.

Mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, dunia iliona matokeo yake. Tarehe 8 Machi meli ya deraya ya majimbo ya Kusini, Virginia, iliteketeza manowari mbili kubwa za mbao. Kesho yake ikakutana na Monitor ya Kaskazini, nayo imevikwa chuma. Zilipigana kwa saa kadhaa na hakuna iliyoweza kuizamisha nyingine.

Sasa Glasgow ya Kiingereza, ile iliyompendeza Seyyid Barghash, ilishushwa majini mwezi Machi 1861, miezi mitatu tu baada ya Warrior. Ilikuwa ya mbao. Ilikuwa nzuri, ndefu, yenye milingoti mirefu na mtambo wa mvuke, lakini ilikuwa mtoto wa mwisho wa ukoo unaokufa. Sultani aliichagua nguo ambayo fundi aliyeishona alikwisha kuiacha.

Meli ya Sultani ilijengwa na kampuni ya William Denny na Ndugu zake katika mji wa Dumbarton, Uskochi, na kushushwa majini mwaka 1878. Mbavu zake zilikuwa za chuma, na ngozi yake ya nje ya mbao za msaji. Wapo wanaoucheka mpango huo kana kwamba ni ufukara wa chuma, na hao hawatendi haki. Katika maji ya moto chuma kitupu huota magugu na makome upesi, na meli hupoteza mwendo. Dawa ya siku hizo ilikuwa kuvisha chini ya meli mabamba ya shaba. Lakini shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa. Kwa hiyo mafundi waliweka mbao katikati. Waingereza wenyewe walizijenga hivyo meli ndogo nyingi walizozipeleka katika bahari za joto. Basi mwili wa Glasgow haukuwa upumbavu. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine.

Silaha zake zilikuwa mizinga saba midogo ya kujazwa mdomoni, kila mmoja ukitupa kombora la ratili tisa, yaani kama kilo nne, pamoja na bunduki moja ya rasharasha aina ya Gatling. Deraya haikuwa nayo. Ilikuwa, kwa maneno mengine, jahazi la kifalme lililovaa sare ya manowari. Ndani mlitengenezwa kwa anasa, ila inasemekana Sultani hakufurahishwa nayo sana ilipofika. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilitia nanga mbele ya mji, ikawa sehemu ya mandhari kama mnara wa taa.

Mtihani wa kwanza haukuchelewa. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba, na mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitia mkono. Seyyid Barghash akalalamika. Jibu lilifika tarehe 7 Agosti 1885: kikosi cha manowari za Kijerumani, chini ya Komodoo Carl Paschen, kiliingia katika bandari ya Unguja na kuielekezea mizinga ikulu. Waingereza, ambao Sultani aliwategemea, walimshauri akubali. Glasgow ilikuwa na umri wa miaka saba, na haikuweza kuwa jibu la lolote. Siku chache baadaye Sultani alikubali madai ya Wajerumani. Kwa mapatano ya 1886 mamlaka yake barani yalipunguzwa yakawa ukanda mwembamba wa pwani, na kwa mapatano ya Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikakata nchi hadi kwenye mipaka ya Kongo. Burundi ikawekwa upande wa Wajerumani, na hakuna mtu wa Muyinga wala wa Gitega aliyeulizwa. Unguja nayo ikawa chini ya himaya ya Waingereza mwaka huo huo.

Katika bandari hiyo hiyo palikuwa na meli nyingine kuukuu, ambayo yafaa kutajwa kwa kulinganisha. London ya Waingereza ilikuwa ya mbao, iliyoshushwa majini mwaka 1840, na tangu 1874 hadi 1883 ilikaa Unguja kama kituo tu. Haikuwa na sura ya kutisha. Lakini ilikuwa na karakana, hospitali na mashua nyingi, na mashua hizo zilizunguka mchana na usiku zikiyasaka majahazi yaliyobeba watumwa. Kazi hiyo haikuwa ya mzaha: nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa Desemba 1881 karibu na Pemba katika mapigano na jahazi la namna hiyo. Meli hiyo kongwe iliyojaa watu wenye kazi ilitumika kuliko nyingi zilizokuwa mpya.

Ndipo ikaja siku ya mwisho ya Glasgow. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid, mwana wa Barghash, akaingia ikulu na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza, waliokuwa wakimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid alikusanya watu wapatao 2,800, askari na raia. Mbele ya ikulu waliweka silaha walizokuwa nazo, miongoni mwake mizinga miwili ya ratili 12 iliyokuwa zawadi ya Kaizari wa Ujerumani, na hata mzinga mmoja wa shaba nyeusi wa karne ya 17. Baharini walikuwa na Glasgow.

Waingereza nao walileta meli tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na St George, iliyokuwa bendera ya Admirali Harry Rawson. St George ilikuwa kruza ya zaidi ya tani 7,000, iliyoshushwa majini 1892, yenye mizinga miwili mikubwa ambayo kila kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 170 hivi, na mingine 10 ya inchi 6. Khalid alipewa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 Agosti ashushe bendera yake. Hakuishusha.

Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zilianza kuipiga ikulu. Kombora la kwanza la Thrush liliupindua mmojawapo wa mizinga ya ratili 12. Dakika chache baadaye Glasgow ilifanya jambo ambalo mwanamaji yeyote angelisita kulitenda: iliifyatulia St George. Kilo nne dhidi ya meli ya tani 7,000. St George ikajibu. Glasgow ikatobolewa, ikashika moto, na watu wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuwa alama ya kusalimu amri. Mashua za Waingereza zikaenda kuwaokoa.

Msomaji askari atapenda kujua jambo moja zaidi. Thrush na Sparrow, meli mbili kati ya zile tatu zilizoibomoa ikulu, nazo zilikuwa na mbavu za chuma na ngozi ya mbao kama Glasgow, tena zilikuwa ndogo kuliko manowari nyingi. Hazikuwa na deraya ya kujivunia. Tofauti ni kwamba kila moja ilikuwa na mizinga sita ya inchi 4 ya kujazwa nyuma, ambayo mpigaji hakulazimika kusimama mdomoni mwake na kijiti kila mara alipotaka kuijaza. Na wapigaji wake walifanya mazoezi mwezi hadi mwezi. Glasgow ilikuwa na miaka 18 ya kukaa na kutazamwa.

Mizinga ilinyamaza baada ya dakika 38 au 45, kwa kuwa waandishi wa habari hizo hawaafikiani juu ya hesabu. Upande wa Khalid watu wapatao 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, wengi wao ndani ya majengo ya ikulu yaliyoshika moto. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja wa Thrush. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na mwezi Oktoba manowari ya Kijerumani Seeadler ikampeleka Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 katika Vita Kuu, wakampeleka uhamishoni. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Familia za wale 500 hazikuwa na ubalozi wa kukimbilia.

Glasgow yenyewe ilizama saa 4 na dakika 45 asubuhi hiyo. Maji ya mahali hapo hayakuwa na kina kirefu, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imesimama juu ya bahari mbele ya mji kwa miaka 16. Wavuvi waliipita wakienda na kurudi, na watoto waliozaliwa baada ya vita walikua wakiiona. Ilipofika 1912, mwaka ambao Wajerumani walikuwa wakiiweka Gitega kuwa makao yao ya utawala katika Burundi, mafundi wa kuopoa vyombo waliletwa kuikata milingoti hiyo na kuvunja kilichoweza kuvunjwa. Sehemu za chini hazikuondolewa. Mabaki yake yalibaki katika bandari ya Unguja.