Kidole cha kushoto kinapouamsha ubongo

Maswali ya wasomaji kuhusu kiharusi hunirudishia mgonjwa yuleyule: anakula wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha, kisha anasema hajashiba. Mgeuzieni sahani, atamaliza.

Hajarogwa. Wala jicho lake la kushoto si lazima liwe na kasoro. Mwaka 1978 watafiti Bisiach na Luzzatti waliwataka wagonjwa wa namna hii, wenyeji wa Milan, waueleze uwanja wa Duomo, kanisa kuu la mji huo, kwa kumbukumbu tu. Walipojiona wamelikabili kanisa, walitaja majengo ya kulia kwao. Walipoambiwa wajione wamelipa kanisa mgongo, wakayataja yaleyale waliyoyaruka. Sasa anayeuza dawa ya kutia jichoni anatibu nini? Anakula pesa za watu walio taabani, na sitachoka kulisema.

Kwa kawaida kilichoumia ni nusu ya kulia ya ubongo, inayovuta umakini wetu kushoto. Na hapa ndipo mkono unapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ian Robertson na Nigel North, nchini Uingereza, walimpa mgonjwa kazi ya kutafuta herufi kwenye karatasi huku akichezesha vidole vya kushoto, mkono ukiwa kushoto kwake, mahali asipouona. Herufi alizokuwa akiziruka zikapungua. Akichezesha mkono wa kulia, hakuna nafuu. Mkono wa kushoto ukivushwa kulia, hakuna. Ajabu zaidi, ikachezeshwa mikono yote miwili kwa pamoja, nafuu ikayeyuka!

Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba nusu mbili za ubongo huvutana kamba, kila moja ikivutia umakini upande wake. Kidole cha kushoto kikicheza, agizo limetoka nusu ya kulia, ileile iliyodhoofika, nayo huamka ikapata nguvu ya kuvuta. Ongeza mkono wa kulia, umemwamsha na mpinzani. Kamba inarudi ilikokuwa. Basi kumkanda mgonjwa mkono kutwa nzima si sawa na yeye mwenyewe kuusogeza.

Mnaouguza, hospitali kwanza, tena mara tu dalili zinapoanza. Kisha mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe zoezi hili. Hata kidole kimoja kinachocheza kinatosha kuanzia. Nafuu hutofautiana, mara nyingi ni ya muda, na mkono uliopooza kabisa hauliwezi. Mgonjwa asivuke barabara peke yake: gari linalotoka kushoto, kwake halipo.