Boston ya Lincolnshire: Takwimu za Uhalifu Zinavyouhukumu Mji Mdogo

Kiwango cha uhalifu ni idadi ya makosa yaliyoandikishwa na polisi katika eneo fulani kwa muda wa mwaka mmoja, ikigawanywa kwa idadi ya wakazi wa eneo hilo na kutajwa kwa kila watu 1,000, au kwa kila watu 100,000 yanapohusika makosa yasiyotokea mara kwa mara kama vile mauaji. Hesabu yenyewe si ngumu, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaimudu. Lakini nchini Uingereza imetwishwa mzigo unaoizidi nguvu, kwa kuwa ndiyo inayoamua, machoni mwa mnunuzi wa nyumba, mzazi anayemtafutia mwanawe chuo na mhariri anayetafuta kichwa cha habari, mji upi ni salama na upi ni wa kuepukwa. Wanaoumizwa zaidi na uamuzi huo ni wakazi wa miji midogo, ambayo haina watu wa kutosha kuifanya hesabu hiyo itulie, na mfano ulio wazi ni mji wa Boston katika kaunti ya Lincolnshire.

Boston hii ndiyo iliyoipa jina Boston ya Marekani. Iko mashariki ya Uingereza, kando ya mto Witham, na mnara wa kanisa lake la Mtakatifu Botolph, ambao wenyeji huuita Stump, yaani kisiki, una urefu unaozidi mita 80 na huonekana kutoka mbali kwa sababu nchi yote inayouzunguka ni tambarare. Katika karne ya 13 mji huo ulikuwa bandari tajiri ya kusafirishia sufu. Leo unaishi kwa kabichi, koliflawa, viazi na maua, mazao ambayo kuyavuna na kuyafungasha kunahitaji mikono mingi. Baada ya nchi za Ulaya ya Mashariki kuingia katika Umoja wa Ulaya mwezi Mei 2004, vibarua wengi kutoka Poland, Lithuania na Latvia walihamia huko, na sensa zikaonesha wilaya ya Boston ikiongezeka kutoka watu wapatao 56,000 mwaka 2001 hadi wapatao 70,500 mwaka 2021. Mwezi Juni 2016, asilimia 75.6 ya wapiga kura wake walitaka nchi ijitoe katika Umoja wa Ulaya, kiwango cha juu kuliko wilaya nyingine yoyote. Miezi michache kabla ya kura hiyo, magazeti kadhaa yalikuwa yameutangaza mji huo kuwa ndio wenye mauaji mengi kuliko miji yote ya England na Wales, kwa kulinganisha matukio na idadi ya watu.

Orodha iliyotumiwa na magazeti hayo ilijumlisha mauaji pamoja na majaribio ya kuua, na hapo ndipo penye mtego. England na Wales, ambazo takwimu zake za polisi hutolewa kwa pamoja, zina watu wapatao milioni 60, na katika miaka ya karibuni mauaji yanayoandikishwa huwa kati ya 500 na 700 kwa mwaka, yaani takriban mtu mmoja kwa kila watu 100,000. Boston ikipita mwaka mzima bila mtu kuuawa, kiwango chake ni sifuri na hakuna gazeti linaloandika. Akiuawa mtu mmoja, kiwango kinaruka hadi 1.4 na mji unaupita wastani wa taifa; wakiuawa wawili, kinafika 2.8, na wilaya ya mashamba ya kabichi inaonekana kuwa ya hatari kuliko London. Majaribio ya kuua huongeza utata, kwa kuwa kinacholitenga kosa hilo na kosa la kumjeruhi mtu vibaya kwa makusudi ni nia ya mshambuliaji, jambo ambalo polisi hulazimika kulikadiria wanapofungua jalada, kabla mahakama haijasikiliza ushahidi wowote. Katika jiji la mamilioni ya watu makadirio ya namna hiyo hufidiana, lakini katika mji wa watu 70,000 majalada machache yaliyopewa jina moja badala ya jingine yanatosha kuupandisha hadi kileleni mwa orodha.

Kusema hivyo si kuyadharau maisha yaliyopotea. Tarehe 28 Julai 2022 msichana wa miaka 9, mtoto wa familia ya Kilithuania, alichomwa kisu akafa alipokuwa akicheza nje, katika mtaa mwembamba wa katikati ya mji wa Boston, na watu wa kila lugha walifika pale kuweka maua na midoli. Katika jedwali la takwimu kifo chake ni nyongeza ya 1.4. Kwa mji huo ni msiba ambao hakuna kiwango kinachoweza kuubeba, na ni kwa heshima ya msiba huo kwamba inafaa kukataa kuugeuza kuwa sifa ya mtaa mzima au ya kabila la watu.

Mji mwingine mdogo, Hyde, ulio mashariki ya jiji la Manchester, unaonesha kwamba hata mwaka wa takwimu unaweza kupotosha. Daktari Harold Shipman, aliyetibu watu huko tangu mwaka 1977, alitiwa hatiani mwezi Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa wake 15, na mwaka 2002 tume ya uchunguzi ikabaini kwamba waliouawa naye, tangu mwaka 1975 hadi 1998, walikuwa 215. Kanuni za kuhesabu huyaweka mauaji katika mwaka ambao polisi wameyaandikisha, si katika mwaka yalipotendeka. Kwa hiyo vifo 172 vilivyosababishwa na daktari huyo viliingizwa kwa mkupuo katika mwaka wa takwimu ulioishia Machi 2003, wakati mwenyewe alikuwa gerezani na hatari imekwisha. Katika miaka ile ambayo wazee wa Hyde walikuwa wakiuawa kwa sindano, vitabu vya polisi vilikuwa shwari, kwa sababu marehemu walizikwa kwa vyeti vya vifo vilivyoandikwa na muuaji mwenyewe. Hakuna ushahidi mzito zaidi ya huo kwamba takwimu hupima kile kilichoripotiwa na kuaminiwa tu.

Tangu Januari 2011 polisi wa England na Wales wana ramani ya mtandaoni inayomwonesha mwananchi makosa ya mtaa wake mwezi kwa mwezi, na ramani hiyo nayo inataka macho makini. Nukta inayoonekana haipo pale kosa lilipotendeka; ili kuwalinda waathirika, kila tukio husogezwa hadi kwenye alama ya karibu iliyopangwa tangu awali, na maelezo yake husema tu kwamba lilitokea kwenye au karibu na supamaketi, maegesho ya magari au mtaa fulani. Mgeni anayeifungua ramani akaona duara kubwa juu ya maegesho hudhani kwamba hapo ndipo penye genge, ilhali baadhi ya makosa hayo huenda yalitendeka sebuleni mwa nyumba za jirani. Makundi ya makosa nayo hudanganya jicho. Kundi la ukatili na makosa ya kingono, ambalo katika miji mingi ndilo kubwa kuliko yote, linachanganya ubakaji na kipigo cha kuvunja mifupa na makosa ambayo hakuna aliyeguswa, kama vile kumfuatafuata mtu au kumtumia ujumbe wa vitisho kwa simu. Hata kelele na ulevi wa barabarani, mambo yanayoitwa tabia za kero, huwekwa kwenye ramani hiyo, ingawa takwimu za taifa haziyahesabu kuwa uhalifu.

Lipo jambo zito zaidi. Mwezi Novemba 2014 wakaguzi wa polisi walitoa ripoti iliyoonesha kwamba asilimia 19 ya makosa yaliyopaswa kuandikishwa hayakuandikishwa, sawa na makosa zaidi ya 800,000 kwa mwaka, na waliopuuzwa zaidi walikuwa waathirika wa ukatili na wa makosa ya kingono. Mapema mwaka huohuo mamlaka inayosimamia takwimu za nchi ilikuwa imezinyang'anya takwimu za polisi muhuri wa ubora wa kitaifa. Vikosi vilipojirekebisha, idadi ya makosa ya ukatili ikapanda nchi nzima, na vichwa vya habari vikalia kwamba miji imeharibika. Mji ambao takwimu zake zilipanda katika miaka ile huenda ulikuwa ndio kwanza unaanza kuwasikiliza wanawake ambao awali walirudishwa nyumbani bila jalada kufunguliwa.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni utafiti wa taifa wa uhalifu, unaofanywa tangu mwaka 1982 kwa kuwauliza watu katika kaya zao yaliyowapata, wawe wameripoti au hawakuripoti. Utafiti huo unaonesha kwamba uhalifu wa kawaida, yaani wizi, uvunjaji wa nyumba na vipigo, ulifika kilele mwaka 1995, ukakaribia matukio milioni 20, na tangu hapo umepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa bahati mbaya kaya zinazohojiwa ni chache mno kuweza kutoa jibu kwa mji mmoja kama Boston, hivyo mji mdogo hubaki ukipimwa kwa kipimo kilicho dhaifu zaidi. Tena kosa linalowapata watu wengi zaidi siku hizi ni utapeli wa simu na wa mtandaoni, nao haumo kabisa katika ramani ya polisi, kwa sababu taarifa zake hupelekwa katika kituo cha taifa. Mjane wa Boston aliyepigiwa simu na mtu anayejidai kuwa wa benki, akapoteza akiba ya maisha yake, haonekani kwenye nukta yoyote.

Kigawanyo cha hesabu pia kina kasoro zake. Kitovu cha biashara cha London, ambacho kina wakazi wasiofikia 10,000 lakini hupokea mamia ya maelfu ya wafanyakazi kila siku, hupata kiwango cha uhalifu cha kutisha kwa sababu anayeibiwa hapo kwa kawaida si mkazi na hakuhesabiwa. Boston yenye gulio la Jumatano na Jumamosi huvuta wanunuzi kutoka vijiji vya mbali, na msimu wa mavuno huleta vibarua wasiokaa hadi sensa iwafikie.

Vibarua hao ndio wanaobeba sehemu ya hatari isiyoandikwa. Tarehe 13 Julai 2011 wanaume watano kutoka Lithuania waliungua hadi kufa pale banda la viwandani mjini Boston lilipolipuka, na ikabainika kwamba ndani yake palikuwa pakitengenezwa pombe kali ya magendo. Leseni za wanyapara, yaani watu wanaokusanya vibarua na kuwapeleka mashambani kwa malipo, zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, baada ya Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kome kumezwa na maji ya bahari katika ghuba ya Morecambe. Kibarua anayelala chumba kimoja na wenzake wanne, ambaye mnyapara wake ndiye mwenye nyumba na mwenye gari la kwenda kazini, haendi kituoni kuripoti kwamba amekatwa ujira au amepigwa.

Mwezi Januari 2015 halmashauri ya Boston ilitumia sheria mpya ya mwaka 2014 kutoa amri ya kulinda maeneo ya umma, yaani katazo la mtaa maalumu ambalo mkaidi wake hutozwa faini, na katazo hilo lililenga unywaji wa pombe barabarani. Wenyeji wengi waliuchoka ulevi huo, na walikuwa na haki. Hata hivyo, amri hiyo huondoa chupa machoni bila kumpatia sebule mtu aliyekunywa nje kwa sababu nyumba anayopanga imegeuzwa vyumba vya kulala vitupu, bila pa kukaa. Usalama hujengwa kwa kazi ya polepole zaidi: mkaguzi wa nyumba za kupanga, taa za vichochoro, majirani wanaolindana kama walivyoanza kufanya wanakijiji wa Mollington karibu na Chester mwaka 1982, na askari anayejulikana kwa jina. Askari huyo ndiye aliyepungua. Kati ya mwaka 2010 na 2018 polisi wa England na Wales walipunguzwa kwa takriban 20,000, kabla ya serikali kuanza kuajiri upya mwaka 2019, na kikosi cha Lincolnshire, chenye kaunti ya kilomita za mraba zipatazo 5,900 za kuzunguka, kimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vinavyopewa fedha kidogo zaidi kwa kila mkazi.

Msomaji mwenye mtoto au ndugu anayehamia mji mdogo wa Uingereza asimkataze wala asimruhusu kwa kutazama orodha ya gazeti. Atafute takwimu za miaka mitano mfululizo, aone ni makosa gani yaliyohesabiwa, na aulize kama kituo cha polisi bado kina mlango ulio wazi. Naye anayeishi huko tayari, akiwa amenyang'anywa mshahara, ametapeliwa au amepigwa, aripoti. Namba ya dharura ni 999, ya mambo yasiyo ya dharura ni 101, na asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mkalimani.